Uzi Uimbao

Mtoto aliyezaliwa katika matelemko ya Kilimanjaro huijua sauti ya tarumbeta tangu angali akibebwa mgongoni. Siku ya Jumapili, katika makanisa mengi ya Kilutheri, wapiga tarumbeta husimama karibu na waimbaji, na sauti ya shaba hupita juu ya migomba hata ng'ambo ya korongo. Desturi hii ilianzia kwa wamisionari wa Leipzig, waliofika Uchaga mwaka 1893. Wamisionari wale wa kwanza wamekufa zamani, lakini tarumbeta hazikunyamaza. Wachaga wenyewe walijifunza kupiga, kisha wakafundishana, mkubwa akampokeza mdogo, wala hawakungoja mgeni aje kuwapulizia.

Vyombo vya nyuzi habari yake ni nyingine. Gitaa watoto wa Moshi hulijua, maana huonekana kanisani na katika bendi za mjini. Lakini fidla na selo, na vyombo vingine vipigwavyo kwa upinde, wengi huvisikia katika redio na simu tu. Muulize mtoto sauti ile ni ya kitu gani: mmoja atasema ni filimbi, wa pili atasema ni mwanamke aimbaye hali amefumba mdomo. Wala wasichekwe. Sauti itokapo sandukuni, sikio hufanya kazi peke yake, na jicho hukaa bure. Kwa hiyo walimu wa muziki huona ni heri kumleta mpigaji mwenyewe mbele ya watoto, apige nao waone.

Katika mji wa Moshi kazi ya namna hii imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2010 ulianza mradi wa kufundisha wanafunzi kupiga klarineti, na sekondari ya Korongoni ilikuwa miongoni mwa shule zake. Pamoja na muziki, wanafunzi walifundishwa kupanda miti ya mpingo, maana klarineti hutengenezwa kwa mti huo. Baadaye mradi ukaitwa Daraja Music Initiative, na masomo ya vyombo vya nyuzi yakaongezwa.

Siku wapigaji wanapokuja shuleni, madawati husukumwa ukutani, au watoto huketi nje penye kivuli. Masanduku hufunguliwa. Kwanza hutoka fidla, chombo kidogo, chepesi kuliko kuku, nayo huwekwa begani chini ya kidevu. Kisha hutoka selo, ambayo haiwezi kuwekwa begani. Mpigaji huketi kitini akaishika katikati ya magoti, nayo husimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Mwalimu mwenye busara haruhusu kwanza chombo chochote kipigwe. Huuliza swali: "Katika vyombo hivi viwili, kipi kina sauti ya juu?"

Darasa hugawanyika, na mikono mingi huinuliwa kwa ajili ya selo.

"Kwa nini wasema hivyo, mwanangu?"

"Kwa sababu ni kubwa, mwalimu. Ng'ombe humshinda mbuzi."

Basi selo hupigwa. Sauti yake ni nene na ya chini, kama ngurumo ya mbali nyuma ya Mawenzi. Halafu fidla hupigwa, na sauti yake hupanda juu, nyembamba kama ya ndege. Hapo mtoto yule aliyetoa mfano wa ng'ombe na mbuzi huinama akafikiri, kisha hucheka mwenyewe, maana mfano wake ulikuwa wa kweli kuliko alivyojua. Ng'ombe hulia kwa sauti ya chini, na mbuzi hulia kwa sauti ya juu. Kosa lake lilikuwa kudhani ya kuwa nguvu ya sauti na kimo cha sauti ni jambo moja.

Sasa na tutazame kwa nini ni hivyo.

Uzi uliokazwa ukivutwa kidogo kwa kidole na kuachwa, hautulii mara moja. Hurudi mahali pake, hupita upande wa pili, hurudi tena, na kwenda na kurudi huko ni kwepesi mno hata jicho haliwezi kuhesabu. Huona ukungu tu mahali pa uzi. Kila uendapo na kurudi huisukuma hewa, na hewa husukumana mpaka sikioni, kama vile jiwe likitupwa katika bwawa la mfongo viwimbi vyake hufika ukingoni. Uzi ukitikisika mara nyingi katika sekunde moja, sauti ni ya juu. Ukitikisika mara chache, sauti ni ya chini. Katika fidla uzi mnene kuliko wote hutikisika mara 196 katika kila sekunde. Uzi wa pili kutoka juu, ambao wapigaji huutumia kulinganisha vyombo vyao, mara 440. Na ule mwembamba kabisa yapata mara 659.

Kimo cha sauti hutegemea mambo matatu, na yote matatu huonekana kwa macho mpigaji akiwa mbele yako. Kwanza ni urefu. Uzi wa fidla una sentimeta 33 hivi kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili. Wa selo una kama 69, na wa besi, ambalo mpigaji wake husimama, hupita mita moja. Uzi mrefu huenda pole pole. Pili ni unene: katika fidla nyuzi zote nne zina urefu mmoja, lakini moja ni nene na nyingine nyembamba, na ile nene ndiyo yenye sauti ya chini. Tatu ni kukazwa. Kabla ya kuanza, mpigaji huzungusha vigingi vilivyo kichwani mwa chombo, nayo sauti hupanda kadiri uzi ukazwavyo. Nyuzi nne za fidla zikiisha kukazwa, kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya mzigo wa kilo 20 na zaidi, juu ya sanduku la mbao nyembamba ambalo mtoto aweza kulivunja kwa goti. Ni ajabu kwamba halipasuki.

Urefu wastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa ndio kazi yote ya mkono wa kushoto. Mpigaji akibana uzi kwa kidole, ile sehemu iliyo nyuma ya kidole haitikisiki tena, na uzi umekuwa mfupi. Akiubana katikati kabisa, hutikisika mara mbili zaidi: ule wa 440 huwa 880. Na sauti hiyo ni ile ile, ila iko juu, kama baba na mwanawe mdogo waimbapo wimbo mmoja, kila mtu kwa koo lake. Wayunani walilijua jambo hili tangu zamani za Pithagora, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Gitaa lina vijiti vya chuma shingoni vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kubana. Fidla haina. Kidole kikikosea upana wa punje ya mtama, sauti ni mbovu, na kila mtu aisikia. Kwa hiyo anayejifunza fidla huwachosha jirani zake katika mwaka wa kwanza, na lazima avumiliwe.

Lakini uzi peke yake ni karibu bubu. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa mshipi wa kuvulia samaki. Mtoto mmoja ashike ncha moja, mwingine ashike ya pili, waukaze, na wa tatu auguse: wa nyuma hawatasikia kitu. Kisha ncha moja ifungwe katika tundu lililotobolewa kitakoni mwa kopo tupu, nayo sauti itajaa chumbani. Uzi ni mwembamba, huikata hewa kama kisu kikatavyo maji, hauisukumi hewa nyingi. Kopo lina uso mpana. Uzi hulitikisa kopo, na kopo husukuma hewa nyingi. Kwa hiyo vyombo vingi vya nyuzi duniani vina tumbo. Katika fidla ni sanduku lenye matundu mawili kama herufi f, na uso wake ni wa mti mwepesi wa nchi za baridi. Ndani, mahali pasipoonekana, pana kijiti kidogo kilichosimamishwa baina ya uso na mgongo, kisichotiwa gundi wala msumari. Kikianguka, fidla huwa kama mtu mwenye mafua. Wafaransa hukiita kijiti hicho roho.

Na upinde? Uzi wa gitaa huguswa mara moja, ukalia, ukafifia. Upinde wa fidla umefungwa singa za mkia wa farasi, yapata 150, zilizopakwa utomvu mkavu wa misonobari. Utomvu hunata: singa huushika uzi na kuuvuta, uzi huponyoka, hushikwa tena, huponyoka tena, mamia ya mara katika sekunde moja. Maadamu mkono waenda, uzi hauna ruhusa ya kunyamaza. Ndiyo sababu chombo cha upinde hukaribia sauti ya mwanadamu, ambaye naye aweza kuishika sauti moja maadamu ana pumzi. Yule aliyedhani ni mwanamke aimbaye hakukosa sana.

Mtu asidhani, kwa kusoma habari za fidla, ya kuwa upinde ni akili ya Wazungu peke yao. Mtoto wa Moshi akisafiri mpaka Dodoma, katika nchi ya Wagogo atakuta zeze. Tumbo la zeze ni kibuyu, au mti uliochongwa ndani ukawa mtupu na kufunikwa ngozi. Shingo yake ni fimbo. Na nyuzi zake siku hizi huwa mara nyingi za chuma, zilizofumuliwa katika waya wa breki ya baiskeli. Lina uzi mmoja, au mbili, au zaidi, na hupigwa kwa upinde mdogo uliopakwa utomvu. Kanuni zote zilizokwisha kutajwa, za urefu na unene na kukazwa, za tumbo na za kunata, zimo ndani yake, wala fundi wa Kigogo hakuzisoma katika kitabu. (Msafiri na ajihadhari na jina lenyewe: mahali pengine katika Tanzania chombo kiitwacho zeze hupigwa kwa vidole tu, nacho ni chombo kingine kabisa.)

Mpiga zeze aliyejulikana kuliko wote alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyekaa Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoko huko. Alitengeneza mazeze yenye nyuzi nyingi kupita desturi, akayapiga katika nchi nyingi za Ulaya na Asia, na wageni wasiojua neno moja la Kigogo walikaa kimya kumsikiliza. Alifariki mwaka 2003. Katika jamaa yake, kwa desturi, wanaume ndio waliopiga vyombo na kuongoza nyimbo, na wanawake waliitikia na kucheza. Lakini binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoka mbele, nao hutunga nyimbo na kupiga vyombo wenyewe. Mwaka 2024 walitoa albamu yao iitwayo Maisha. Wasichana wa Moshi wanaposikia habari hii mara nyingi huketi wima zaidi kuliko walivyokuwa wameketi.

Kandokando ya Ziwa Viktoria mna vyombo vingine vya nyuzi ambavyo havihitaji upinde. Wahaya wa Kagera wana nanga, ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, na uzi mmoja mrefu hupitishwa huko na huko juu yake hata ukawa nyuzi saba au nane. Kwa chombo hiki waimbaji walisimulia matendo ya wafalme na mashujaa. Wajaluo wana nyatiti yenye nyuzi nane. Mpigaji wake huketi juu ya kigoda, na huku mikono ikipiga nyuzi, pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu hugonga chombo chenyewe. Mtu mmoja amekuwa watu wawili.

Pwani nako nyuzi zilikuja kwa njia ya bahari. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, chombo cha kulazwa magotini chenye nyuzi 70 na zaidi. Aliporudi alipiga mbele ya Sultani, tena akafundisha wengine. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Akhwani Safaa, na taarabu ikaota mizizi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri, ambamo udi na fidla husikika hata leo kwa aliye na sahani hizo. Tangu mwaka 2002 Unguja ina chuo cha muziki wa nchi za majahazi, na humo vijana wa Kizanzibari wamefundishwa fidla, kanuni na udi na walimu wa Kizanzibari. Fidla iliyo mgeni Moshi, Unguja ni mwenyeji mwenye nyumba yake.

Turudi Moshi, maana hapa pana jambo la mti ambalo watoto hulikosea kila mwaka. Ule ubao mweusi ulio shingoni mwa fidla, ambapo vidole hubana nyuzi, kwa desturi ni wa abunusi. Klarineti ni ya mpingo. Watu huona weusi wakasema ni mti mmoja. Sivyo: mpingo ni wa jamii ya mikunde, ndugu wa mharagwe wa shambani kwa mbali, na abunusi ni wa jamii nyingine. Mpingo hauoti juu penye kahawa na migomba. Hupenda nchi kavu ya chini, na misitu yake iliyo mashuhuri iko kusini, upande wa Kilwa na Lindi. Kiini chake ni kizito hata kikitiwa majini huzama. Hukua pole pole mno: yapata miaka 70 hata 100 hupita kabla haujafaa kwa klarineti. Mwanafunzi apandaye mche leo hatapiga chombo kitokanacho nao, wala mwanawe huenda asikipige.

Na vyombo vyenyewe hufa upesi kuliko miti. Fidla iliyosahauliwa ndani ya gari juani, katika joto la Moshi mjini, huachia gundi, na uso hutengana na mbavu. Uzi mwembamba hukatika, na duka la kuuza uzi wa namna ile haliko kila mji. Kigingi huvimba wakati wa masika, hulegea wakati wa kiangazi. Hayo yote si makubwa kwa mtu aliyefundishwa kuyatengeneza. Lakini ikiwa aliyefundishwa ni mgeni wa majuma machache, akiondoka, fidla hurudishwa sandukuni, na sanduku huwekwa juu ya kabati. Mwanafunzi aliyekwisha kujua nyimbo tano hazijui tena baada ya mwaka. Tarumbeta za Kilutheri ziliponea hapo: kijana aliyejua kupuliza alijua pia kuziba tundu kwa risasi na kumfundisha mdogo wake. Zeze liliponea hapo, maana apigaye ndiye aliyechonga. Kwa hiyo katika darasa lililopangwa vema somo la kwanza la fidla si wimbo, ila ni kutia uzi: mtoto hupewa uzi uliokatika na mpya, akaambiwa autie mwenyewe, aukaze pole pole hata usikike kama wa jirani yake. Huchukua saa nzima. Nyuzi mbili tatu hukatika. Kisha upinde humfikia mkononi.

Kazi ya kufanya

Twaa ubao wa urefu wa mkono wako, upigilie misumari miwili, na ukaze mshipi au waya mwembamba baina yake. Tia penseli chini ya uzi karibu na kila msumari. Uguse uzi, usikilize. Kisha ubane katikati kabisa na kuugusa tena. Sauti imebadilika namna gani?

Weka ubao wako juu ya meza, halafu juu ya debe tupu. Ni wapi unapolia zaidi? Eleza sababu.

Uliza wazee wa kwenu ni vyombo gani vilivyopigwa katika ngoma walipokuwa watoto, ni nani aliyevitengeneza, na kwa mti gani. Andika majina ya vyombo na ya miti katika lugha ya nyumbani, ukayalete darasani.

Maswali

1. Kwa nini selo ina sauti ya chini kuliko fidla?
2. Utomvu hufanya kazi gani katika upinde?
3. Zeze la Wagogo na nyatiti ya Wajaluo hutofautianaje?
4. Mpingo na abunusi hutofautianaje?
5. Kwa nini mtoto hufundishwa kutia uzi kabla ya kupewa upinde?